Yule Mama wa Kofia Hayumo

Harufu ya petroli ikikutana na harufu ya nguo mbichi, mimi nakuwa mtoto tena, nimekaa chini kwenye kibanda cha video cha senta ya Nyamwaga, nimebanwa na magoti ya watu wazima. Wenzangu wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Jenereta inanguruma nyuma ya mabati, mvua inapiga juu ya mabati hayohayo, na sakafu ya udongo imekanyagwa mpaka imekuwa uji. Watoto wa siku hizi wanatazama filamu wamelala, simu kifuani, na wala hawajui kwamba sisi sinema tulianza kuinusa kabla ya kuiona.

Masika haya harufu hiyo ilinikuta kazini. Nafanya kazi kwenye hoteli ndogo ya watalii karibu na geti la Ikoma la kuingilia hifadhi ya wanyama. Mimi ni mtu wa vyumba: natandika, nafua, nakunja taulo ziwe na umbo la tembo, jambo ambalo sijawahi kulielewa lakini wageni wanalipenda. Masika wageni hukatika. Siku hiyo jua lilikuwa limekataa kutoka, umeme wa sola ukawa hauna nguvu, wakawasha jenereta. Mashuka yaliyogoma kukauka nilikuwa nimeyatundika kwenye baraza ya sebule. Ndipo pua ikafanya kazi yake. Nikasimama katikati ya sebule na shuka mkononi, sijui nilikuwa nimetumwa nini.

Kwenye sebule ile kuna rafu ya vitu ambavyo wageni huacha: vitabu, miwani, diski za filamu za zamani. Nilikuwa nimeifuta vumbi mara nyingi bila kuitazama. Siku hiyo niliitazama, na juu ya jalada moja nikaiona hoteli ndefu yenye taa madirishani na maji yakiwa yamefika katikati yake. Nikapiga kelele. Zaituni, anayekaa mapokezi, akaja mbio akidhani nimeona nyoka.

"Nini? Yuko wapi?"

"Bwawa!" nikamwambia. "Zaituni, hii ni Bwawa!"

Ndivyo tulivyoiita sisi. Jina lake la kweli hatukuwahi kulijua, na hatukulihitaji. Bwawa limejengwa juu mlimani, chini yake kuna mji, na katikati ya mji kuna hoteli. Bwawa linapasuka. Maji yanajaa ghorofa ya kwanza, watu wanapanda ya pili. Yanajaa ya pili, wanapanda ya tatu. Na hivyo hivyo mpaka juu, huku kinanda kikielea na taa kubwa za vioo zikiwaangukia watu vichwani. Hiyo ndiyo hadithi yote, lakini sisi ilitumaliza. Tulicheza Bwawa juu ya vichuguu mpaka mchwa wakahama. Mimi niliamini kabisa kwamba nyuma ya vilima vyetu kuna bwawa la namna hiyo, na kwamba watu wazima wanajua ila wanatuficha ili tusiache kwenda kuchota maji. Tangi la shuleni nililipita kwa kunyata.

Aliyetutafsiria alikuwa mwenye kibanda, kijana anaitwa Mwita. Alikuwa na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira. Alipunguza sauti za Wazungu, akaweka ya kwake. Kiingereza alidai alikipata upande wa Kenya alipokuwa akipakia mizigo, na sisi tulimwamini. Basi alipotokea kwenye skrini mama mtu mzima aliyejaa mapambo, na pembeni yake binti mzuri, wanapanda ngazi pamoja, Mwita alitangaza bila kusita:

"Huyu mama ni tajiri, hoteli ni ya kwake. Lakini hakupata mtoto wa kiume! Kwa hiyo ameoa. Huyo binti ndiye mke wake. Nyumba ntobhu hiyo, mnaiona!"

Kibanda kizima kikaguna kwa kuelewa. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, na watoto wa binti huyo wakawa wa nyumba yake. Kama Wakurya wanafanya, Wazungu nao wana nini cha kuwazuia? Tena mimi nilijivuna kidogo, maana nyumbani kwetu ndivyo tulivyokuwa. Bibi ndiye aliyemwoa mama. Ukiniuliza baba yangu ni nani, jibu la ukoo ni kwamba ni mtoto wa kiume wa Bibi ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nimelibeba jibu hilo kichwani tangu nikiwa mdogo na halijawahi kukaa sawasawa, lakini ndilo jibu.

Katika filamu nzima kuna kipande kimoja nilichokibeba maisha yangu yote. Yule mama mtu mzima amesimama, maji yamemfika magotini. Amevaa kofia ya pama, ukingo wake umelegea kwa kulowa. Kwa mkono mmoja amemshika mtoto. Bangili ya mkono wa pili anaivua kwa meno, kwa kuwa ule wa kwanza hauna nafasi, anampa yule binti. Kisha anamwambia: "Nenda. Usigeuke." Binti anaingia majini, anavuka, anaondoka. Hageuki. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nilimchukia binti yule kwa moyo wangu wote. Hata kutazama nyuma? Hata mara moja?

Labda nilimchukia hivyo kwa sababu siku zilezile mama yangu naye aliondoka. Siku yenyewe siikumbuki. Nimejaribu sana, nagonga ukuta. Nakumbuka tu kuambiwa: Ghati ametoroka. Jina la mama ni Ghati. Alikuwa amevuka mpaka, ameolewa huko Kenya na mwanamume, na mimi nimebaki na Bibi. Majirani walisema maneno yao, nikakua nayo. Bibi alisema ametoroka, basi. Ukimtaja mama mbele yake aliondoka kwenda kuangalia ng'ombe, hata kama ng'ombe wamekwenda malishoni.

Sasa, siku niliyoiona ile diski, kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe ambao nilikuwa sijaujibu. Ulitoka kwa mama. Namba yangu sijui aliipata wapi. Aliandika kwamba amesikia Bibi anaumwa na hali yake si nzuri, naye anaomba ruhusa aje amwone kabla hajatutoka. Aliomba ruhusa kwangu mimi, kwa kuwa mke aliyetoroka hawezi kuingia tu uani kama vile alikwenda sokoni, na mtoto wa nyumba ile ni mmoja tu, ndiye mimi. Niliufungua ujumbe ule kila siku, nikaufunga. Kusema kweli nilikuwa nimeshaamua. Asije. Alikuwa na miaka yote hiyo ya kugeuka.

"Tuiangalie," nikamwambia Zaituni. "Utaona, kuna mahali nitalia. Usinicheke."

Zaituni ni mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa pale Mugumu. Amesoma, na Kiingereza chake hakina makengeza kama cha Mwita. Tukakaa kwenye viti vya wageni, mvua ikinyesha, tukaiweka. Nikaanza kumsimulia kabla haijafika popote: sasa atakuja mpishi, sasa mbwa ataokolewa, sasa huyu mwenye masharubu ni mbaya. Yote yalikuwa sawa. Nilijisifu kwa kumbukumbu.

Akatokea yule mama. Nywele nyeupe, fupi, kichwa wazi.

"Ndiye huyo," nikasema. "Subiri atavaa kofia."

"Na huyu binti?"

"Mke wake."

Zaituni akanigeukia taratibu. "Mke wa nani?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. "Wewe! Hao hata hawajuani! Si umesikia? Mama ni mgeni, amefika asubuhi. Huyo binti ni mfanyakazi wa hotelini, ndiyo kwanza amempokea begi. Anafanya kazi kama yako wewe!"

Nikacheka na mimi, kwa kujilazimisha kidogo. Basi, Mwita alitulisha matango pori. Hilo nililimeza. Nikasubiri kipande changu. Maji yakapanda ghorofa baada ya ghorofa, na mimi nikasogea mbele ya kiti. Wakafika kwenye ngazi. Maji yakawafika magotini. Nikamshika Zaituni mkono.

Yule mama hakuvua bangili. Hakuwa na bangili. Alimkamata binti kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili, akawa analia, anasema kitu kilekile mara nyingi. "Anasema usiniache," Zaituni akanitafsiria. Binti anamwomba amwachie ili afungue mlango kisha amvute. Mama hataki. Ameng'ang'ania. Maji yakaja kwa nguvu yakawachukua wote wawili, na hawakutokea tena. Filamu ikaendelea na watu wengine, kana kwamba wale hawakuwahi kuwepo.

"Irudishe," nikasema.

Akairudisha. Ikawa vilevile. Nikamwambia airudishe tena. Kichwa wazi, mikono miwili, maji.

"Labda kuna mahali pengine," nikasema. Tukaitazama mpaka majina yote ya mwisho yakapita, yale madogo ambayo hakuna mtu huyasoma. Hakuna kofia. Hakuna bangili. Hakuna mtu aliyeambiwa nenda. Na hata mtoto hakuwemo. Katika filamu nzima hakuna mtoto aliyeshikwa mkono na mama yeyote.

Zaituni akaitoa diski, akanitazama. "Labda umechanganya na filamu nyingine."

"Hatukuwa na nyingine ya maji."

"Labda uliota."

Nilikuwa najaribu kumwona yule mtoto wa kwenye kipande changu, na kwa mara ya kwanza nikagundua kwamba sijawahi kumwona uso. Nilichokuwa nacho ni mkono wake tu, ulivyobanwa ndani ya mkono mwingine, na vile vidole vilivyokuwa vinauma. Nikajiuliza, mtazamaji wa filamu anajuaje kwamba vidole vinauma? Na bangili yenyewe ilikuwa ya shaba, ile ya kuzungushwa kama waya kutoka kifundoni kupanda juu. Mzungu gani anavaa bangili ya hivyo akiwa hotelini? Miaka yote niliiona kichwani na sikuwahi kujiuliza. Nilirudi kwenye mashuka yangu nikayakunja yakiwa bado mabichi.

Niliomba ruhusa nikaenda nyumbani. Njiani kichwa kilikuwa kama ugomvi wa watu wawili. Mmoja anasema, umezeeka mapema, unasahau filamu. Mwingine anasema, kofia ya pama unaijua ilipo. Naijua. Iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa Bibi. Ilikuwa ya mume wake, babu ambaye sikumkuta, na mzee alipokufa Bibi aliivaa yeye, kwa kuwa ndiye aliyebaki mkuu wa nyumba. Aliivaa mnadani na kwenye mvua. Tulimzoea nayo mpaka hatukuiona.

Nilimkuta anaota jua mlangoni, amefunikwa blanketi, amepungua. Nikainama.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi?"

"Hapana, Bibi. Nimekuja kukuona."

"Siku ya kazi? Mtu haji kuona mtu siku ya kazi."

Bibi anazungumza Kikurya, Kiswahili anakiweka pale kinapomfaa, naandika kwa Kiswahili ili tuelewane. Nilimpikia uji, nikampa, nikakaa chini karibu na miguu yake. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia pale palipokuwa pananisumbua.

"Bibi, wewe umewahi kuona video?"

Akacheka kwa pua. "Mara moja. Sirudii."

"Ya nini?"

"Ya maji." Akanywa uji. "Ilikuwa siku ya mnada, mvua ikanyesha, watu wote wakajificha kwa Mwita. Nilikuwa namtafuta mama yako. Nikamkuta humo, wewe uko mapajani kwake. Nikasimama mlangoni nimwite. Lakini Mwita akasema yule mama wa kwenye video ameoa. Basi nikaona nisimame kidogo, nione wenzetu wanaishije."

Alitaja neno mama yako kama vile alikuwa analitaja kila siku.

"Halafu yakaja maji," akasema. "Yule mama akamshika yule binti hivi." Akanishika mkono, kifundoni, kwa mikono yake miwili, na nguvu alizokuwa nazo sikuzitegemea. "Mwita akasema, hawezi kumwachia, ng'ombe zake zimeshaenda! Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Wakazama wote wawili. Nikatoka nje kwenye mvua, nikatapika."

"Kwa sababu ya video, Bibi?"

"Mama yako alikuwa halii," akasema. "Alikuja kwangu mdogo. Mwaka wa kwanza alilia, nikamnyamazisha. Halafu akaacha. Anapika, analima, anakulea, lakini macho yapo barabarani. Mtu anayelia unamnyamazisha. Asiyelia utamfanya nini? Siku ile nilimwona kwenye video. Nikajiona na mimi."

Nikauliza ingawa nilikuwa nimeshajua. "Ukafanya nini?"

"Si ulikuwepo? Nilikushika mkono mwenyewe. Tulishuka mpaka kijitoni, maji yalikuwa yamejaa. Nikampa bangili yangu awe na kitu cha kushika huko aendako. Nikamwambia, nenda, usigeuke. Maana angegeuka ningemshika."

Kofia nilikuwa naiona kutoka pale nilipokaa, kwenye msumari wake, ukingo umelegea. Sijui kama mmewahi kupata hali hiyo, kitu ulichokiweka kwenye kabati moja maisha yako yote kinatoka kwenye kabati lingine. Sikulia. Nilikuwa nimechanganyikiwa mno kulia. Nilimtafuta yule binti niliyemchukia kwenye filamu, nikakuta ni mama yangu. Nilimtafuta yule mtoto, nikakuta ni mimi. Na chuki ilikuwa bado ipo pale, imesimama, haijui imwangukie nani.

"Mbona ulisema ametoroka?"

"Ningesema nimemwachia mwenyewe, wazee wa ukoo wangesema sina akili ya kushika nyumba. Wangekuchukua. Mke akitoroka watu wanakuonea huruma, wanakuletea maziwa. Ghati alijua. Alikubali aitwe mtoro."

Ndipo nikakasirika. Ilinijia ghafla na sikuweza kuizuia. "Na mimi? Yeye ulimwachia. Mimi mbona ulinishika?"

Bibi aliweka kikombe chini. Kuku walipita, akawatazama mpaka wakaisha.

"Na mimi nilikuwa nazama, mjukuu wangu," akasema. "Nilishika kilichokuwa karibu."

Nilinyanyuka nikaenda kuangalia ng'ombe. Hawakuwepo, walikuwa malishoni. Nilisimama kwenye zizi tupu nikielewa kwa mara ya kwanza kwa nini Bibi alipenda kuja hapo. Nilimpenda, nilimkasirikia, nilimwonea huruma, nikarudi kwenye kumkasirikia, na yote hayo kabla jua halijasogea. Mpaka leo sina hakika niliishia wapi.

Niliporudi nilitaka angalau jambo moja likae sawa. "Bibi, Mwita alitudanganya. Wale hawakuoana. Mama alikuwa mgeni tu, yule binti mfanyakazi. Hata hawakujuana. Walikutana asubuhi hiyohiyo."

Alinitazama kwa macho yake yenye ukungu. "Hawajuani kabisa?"

"Kabisa."

"Na bado alimng'ang'ania hivyo?" Akaanza kucheka, kicheko kidogo kikawa kikubwa, kikageuka kikohozi, nikampiga mgongoni. "Mimi nimemwachia mke wangu," akasema akijifuta machozi, "kwa ajili ya watu wasiojuana!" Akacheka tena. Kisha akashika ukingo wa blanketi. "Lakini nilifanya vizuri," akasema. Sikujua kama ananiambia au ananiuliza.

Nikatoa simu nikamwonyesha ule ujumbe, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema tu kwamba uani kumeota majani na mgeni akija atatuonaje.

Nikayang'oa majani. Kisha nikamwandikia mama: njoo.

Alikuja mchana, kwa miguu kutoka barabarani, kwa njia ya kijitoni. Niliteremka na Bibi mpaka juu ya ukingo, Bibi amening'inia kwenye mkono wangu, kofia kichwani. Alikuwa ameidai yeye mwenyewe. Nilimwona mama kwa mbali nikamtambua kwa kutembea, jambo lililonishangaza, maana nilidhani sina chochote chake. Ni mwanamke mnene kidogo, mwenye viatu vizuri ambavyo alivivua avuke. Kwenye mkono wake kulikuwa na ile bangili ya shaba, imeng'aa kwa kuvaliwa. Alipofika alipiga magoti mbele ya Bibi kwenye majani, kama mke anayemsalimia mkuu wa nyumba. "Shikamoo," akasema. Bibi akamwekea mkono kichwani. "Umenenepa," akamwambia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao makubwa. Kilichobaki walizungumza habari za mahindi.

Mimi nilimwandalia chai. Sikujua nimwiteje, kwa hiyo sikumwita. Alinitazama kila nilipogeuza uso, na nilipomrudishia macho aliyaondoa ya kwake. Wakati naosha vikombe alikuja akasimama karibu.

"Nilikusikia," akasema. "Siku ile. Ulikuwa unaniita. Nilikusikia mpaka nikafika barabarani."

Hilo sikuwa nalo. Kwenye kipande changu hakuna sauti yoyote, maji tu. Nilitaka kumwuliza mengi, nikajikuta namwuliza kama atachukua ndizi aende nazo. Akasema atachukua.

Jua lilipoanza kulegea aliaga. Tulimsindikiza palepale ukingoni, kwa kuwa Bibi hakuweza kwenda zaidi. Mama alivua viatu, akaweka mkungu kichwani, akaingia majini. Bibi alikuwa amenishika mkono, na vidole vyake viliuma vilevile kabisa. Mama akavuka. Akapanda upande wa pili, akaanza kuondoka, mgongo umenyooka. Hakutazama nyuma. Nilijua kwa nini, na bado niliumia kama mtoto.

Bibi akavuta pumzi. Sauti yake haikuwa na nguvu ya kufika popote, lakini aliita.

"Ghati! Geuka!"

Mama akasimama. Kisha akaugeuza mwili wote, pole pole kwa ajili ya mkungu, akatutazama. Nikauona uso wake wote, ukiwa umelowa machozi, na hakuufunika.

"Unasubiri nini?" Bibi akaniambia. "Msindikize mama yako."

Akaniachia mkono.